Denham na kura ya lazima: Queensland, 1915

Nimekuwa wakala wa chama kituoni mara mbili, na mara zote mbili kazi iliyonitoa jasho haikuwa kulinda kura bali kuwatoa watu majumbani. Huyu anasubiri uji upoe, yule amesikia foleni ni ndefu, na wa tatu ameshaamua kwamba kura yake moja haipunguzi wala haiongezi. Labda ndiyo sababu nikisoma habari za uchaguzi wa jimbo la Queensland, Australia, uliofanyika tarehe 22 Mei 1915, macho yangu hayatui kwanza kwa mshindi, T. J. Ryan. Humtazama Digby Denham, Waziri Mkuu wa jimbo aliyetunga sheria ya kumtoa kila mpiga kura nyumbani, kisha wapiga kura haohao wakamtoa yeye ofisini.

Majina ya vyama vya Queensland ya wakati ule yasomwe kwa uangalifu, kwa kuwa mwanasiasa aliweza kubadili bendera mara mbili ndani ya miaka michache na bado akabaki madarakani. Chama cha Labor kilikwisha kuunda serikali huko Desemba 1899 chini ya Anderson Dawson, serikali ya kwanza ya chama cha wafanyakazi popote duniani, nayo ilidumu wiki moja tu. William Kidston, aliyetoka katika chama hicho, alishika uongozi wa jimbo mwaka 1906, akaachana na wenzake mwaka uliofuata na kuingia uchaguzini na kundi lake mwenyewe, dhidi ya Labor upande mmoja na wahafidhina wa Robert Philp upande wa pili. Mwaka 1908 akaungana na Philp huyohuyo. Muungano huo ndio uliokuja kuitwa chama cha Kiliberali, na Denham aliurithi mwaka 1911.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa mgomo mkuu wa Brisbane, ulioanza Januari 1912 baada ya wafanyakazi wa tramu kusimamishwa kazi kwa kosa la kuvaa beji za chama chao cha kutetea haki za wafanyakazi. Tarehe 2 Februari polisi waliwapiga waandamanaji kwa virungu, wanawake wakiwemo. Husimuliwa kwamba Emma Miller, bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ameongoza harakati za kuwapatia wanawake haki ya kupiga kura, alichomoa pini ya kofia yake akamchoma farasi wa kamishna wa polisi, naye kamishna akaanguka. Denham aliitisha uchaguzi mwezi Aprili, hofu ya mgomo ikiwa bado haijapoa, akashinda viti 46 kati ya 72.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililomponza. Waliberali waliwaogopa Labor kwa jambo moja hasa: vyama vya kutetea wafanyakazi, vilivyowaunga mkono Labor, vilikuwa na watu katika kila karakana, kila mgodi na kila zizi la kukatia manyoya ya kondoo, na watu hao walijua kuwafikisha wenzao kituoni. Serikali ikaona kwamba sheria ikimlazimisha kila aliyemo kwenye daftari kupiga kura, faida hiyo ya Labor itayeyuka. Mwaka 1914 ikaipitisha, na Queensland ikawa sehemu ya kwanza katika himaya yote ya Uingereza kufanya hivyo. Nikiwa wakala wa zamani naelewa kilichowavutia, lakini pia naliona kosa lao: walidhani kila asiyejitokeza ni mtu wao aliyelala, ilhali mtu asiyejitokeza hajamwambia yeyote yuko upande gani.

Waliojitokeza walipanda kutoka takriban asilimia 75 mwaka 1912 hadi 88 katika uchaguzi wa 1915. Vita vilikuwa vimeanza, ukame ulikuwa umeibana nchi, na bei za vyakula zilikuwa zimepanda. Labor walikuja na wagombea waliozoea mazungumzo ya aina hiyo: Ryan, mwana wa mkulima wa asili ya Ireland, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa wakili, akigombea Barcoo, nchi ya kondoo; na Ted Theodore, aliyekuwa amewapanga wachimba madini wa kaskazini katika chama kimoja chenye nguvu. Walipata viti 45. Walter Barnes, mweka hazina wa serikali, alipoteza kiti cha Bulimba, na Denham mwenyewe akaangushwa Oxley. Kabla ya mwaka kwisha serikali ya Ryan ilikwisha kufungua bucha ya serikali mjini Brisbane ili kuishusha bei ya nyama.

Sheria ya kura ya lazima haikufutwa. Mwaka 1924 bunge la Australia nzima liliiga. Lakini nimeandika "kila mpiga kura" juu kule, na maneno hayo yana mipaka yake. Sheria ya shirikisho ya 1902 ilikuwa imewataja waziwazi wenyeji wa asili wa Australia, Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki kuwa hawastahili kuandikishwa, na Queensland nayo iliwafungia Waaborijini nje ya daftari lake. Mlango huo wa Queensland ulifunguliwa mwaka 1965, miaka 50 baada ya Denham kuangushwa Oxley.