Fomu ya uzeeni

Leo nimeenda benki mara ya tatu kwa ajili ya fomu moja. Ni ya kufungua akaunti ya dhamana, ile ya CDS ya Benki Kuu inayotunza kumbukumbu za dhamana zako, maana bila hiyo hununui hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Mara ya kwanza niliambiwa benki nina majina mawili, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA nina matatu. Nikarekebisha. Mara ya pili sahihi ikakataa: niliyoiweka zamani ilikuwa ya binti wa miaka ishirini na kitu, amezungusha herufi kwa madoido. Nilikaa kwenye benchi nikaiga mkono wangu mwenyewe nyuma ya risiti mpaka ukakubali.

Nimeng'ang'ana kwa sababu ya ziwa. Mimi ni mtu wa dagaa; nanunua Kibirizi, mwaloni Kigoma, naanika, nasafirisha. Hakuna mwajiri anayenikatia chochote. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hadi 15 Agosti. Sikupinga, samaki lazima wapate nafasi ya kuzaliana, na sote tulikuwa tumeona mzigo unavyopungua. Ila chanja zangu zilikaa tupu. Mbalamwezi tumeizoea: taa za kuvutia dagaa usiku hazifui dafu mbele ya mwezi, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, unajipanga. Miezi mitatu ni kitu kingine kabisa. Nilikula akiba, nikala mtaji, mwezi wa pili nikauza friza. Usiku mmoja nikawaza: siku magoti yatakapogoma kushuka Kibirizi alfajiri, ziwa litakuwa limefungwa kwangu, na halitakuwa na tarehe ya kufunguliwa.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanatupokea hata sisi tuliojiajiri, na shoga yangu yuko huko. Mimi nimetaka hatifungani kwa sababu naichagua mwenyewe: unaanza na shilingi 1,000,000, muda ni kuanzia miaka 2 hadi 25, riba inaingia kila miezi sita, na fedha uliyoikopesha serikali unarudishiwa muda ukiisha. Nimechagua miaka 20. Nina 44.

Kazi ngumu ni kujikata mwenyewe. Kila kilo ninayouza natoa shilingi 1,000 na kuitia kwenye mkebe wa maziwa kabla sijahesabu faida, maana nikishahesabu tu, ada ya shule inaiona. Na riba nayo sitaigusa. Ikijikusanya ikafika milioni, inarudi kwenye mnada wa Benki Kuu kununua hatifungani nyingine. Nikianza kuila sasa hivi, uzeeni nitakula nini?

Kwenye fomu nilijaza namba ya NIDA polepole, tarakimu 20, na zinaanza na mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Nilizitazama kwa muda.

Kisanduku cha mrithi nilikiacha mwisho. Nyumbani kwetu mali hushikwa na wanaume, na nilitoka nimeshaamua kumwandika kaka. Kalamu ikasimama. Nikamkumbuka binti yangu, tangu darasa la nne anageuza dagaa juani pamoja nami kabla ya kwenda shule, mikono inanuka na wenzake wanamcheka. Nikaandika jina lake, yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Karani akasoma. "Huyu ni nani kwako, mama?"

"Binti yangu."

Akagonga muhuri, akaniambia mnada ni Jumatano, hela ziwe zimeshaingia kwenye akaunti. Nikamwambia zimo.