Ni ligi tu

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba mjukuu wake kaanza gongo, alinyamaza. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Kwani na huko wanapika?"

Ikabidi nimtumie video. Mtoto wa miaka kumi na moja, kofia ngumu kichwani yenye nondo mbele ya uso, kashika fimbo iliyopanuka mwishoni kama mwiko wa ugali wa shughuli, anakimbia huku kipira kimetulia juu ya ile fimbo. Mama aliitazama mara mbili. "Na huyo wa nyuma mbona anataka kumpiga?" Hamtaki yeye, mama, anautaka mpira. Ingawa siku nyingine hata mimi sina hakika.

Huku Ayalandi mchezo huo unaitwa kamogi. Ni wa wanawake; wanaume wana wao, hurling, na ukiitazama yote miwili utaona ni ndugu wa baba mmoja. Wachezaji kumi na watano kila upande, uwanja mrefu kuliko wa soka, na magoli yenye umbo la herufi H. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba ni moja. Nyuma ya goli wanasimama watu wenye makoti meupe kama madaktari wa hospitali ya wilaya, na kazi yao ni kupepea bendera: kijani kwa goli, nyeupe kwa pointi. Mara ya kwanza niliposoma matokeo, 1-14, nikajua kuna timu imefungwa kumi na nne. Kumbe ni timu moja hiyo: goli moja na pointi kumi na nne, jumla kumi na saba.

Mimi niliingizwa na ligi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, mashariki mwa kaunti ya Galway, na dada mmoja wa zamu yangu aliniambia Jumapili hiyo tusikae ndani, twende mji wa Athenry, timu ya Galway inacheza. Ilikuwa mwaka 2024, baridi bado haijaondoka. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha, inakaa tu hewani na kukulowesha bila kelele. Tulikuwa watu wachache tumejibanza ukingoni, chupa ya chai inazunguka. Nikauliza, mbona hakuna watu? Akanijibu bila kugeuka: "Ni ligi tu."

Hilo neno nimelisikia sana tangu hapo. Timu za kaunti zinagawanywa kwa madaraja, zinacheza kuanzia mwisho wa baridi hadi Aprili, kuna kupanda na kushuka, na mwisho kuna kombe. Lakini roho za watu ziko kwenye mashindano ya kiangazi, ya Ayalandi nzima, ambayo fainali yake hupigwa uwanja wa Croke Park mjini Dublin. Ukishinda ligi wanakupongeza. Ukishindwa wanasema kocha alikuwa anajaribu wachezaji.

Sasa mimi mgeni, sikujua kwamba natakiwa kupuuza. Nikapenda. Kwenye ligi unasimama hatua tano kutoka mstarini, unasikia fimbo zikigongana, ule mlio mkavu wa mti kwa mti, na unasikia wasichana wanavyoitana. Mzee mmoja asiyekosa mechi alinifundisha sheria zote kwa ncha ya mwavuli wake. Aliniambia pia kuwa hawa ninaowaona hawalipwi mshahara. Kesho asubuhi kila mmoja yuko kazini kwake au darasani. Na huwezi kuhamia timu nyingine kwa dau kubwa, unachezea kwenu. Mimi niliyekulia Tanga nikishangilia Coastal Union, hapo nilielewa haraka: timu ya kwenu ni ya kwenu, hata ikikuudhi.

Msimu ule Galway walifika fainali ya ligi, kaunti nyingine, Tipperary, wakawafunga. Lilikuwa kombe la kwanza la ligi kwa Tipperary tangu 2004. Mimi nikanuna siku mbili. Kazini walinishangaa. Ni ligi tu, wakaniambia, na safari hii nikakasirika kweli.

Mwaka uliofuata likazuka la sketi. Kanuni ilikuwa wachezaji wavae sketi yenye kaptula ndani, na wengi walishaichoka, inabana na kuwafanya wajihangaikie badala ya kucheza. Mwanzoni mwa Mei 2025, Dublin na Kilkenny waliingia uwanjani na kaptula. Mwamuzi akawarudisha wakabadilishe. Kabla mwezi haujaisha, wajumbe wa chama cha kamogi walipiga kura, asilimia 98 wakakubali kila mtu achague mwenyewe. Binti yangu alifurahi kuliko siku ya Idi. Mimi wa pwani nilidhani nitakuwa upande wa sketi, nikajikuta siko.

Agosti hiyo Galway wakawafunga Cork fainali ya kiangazi, 1-14 kwa 1-13, kwa mpigo wa Carrie Dolan dakika za mwisho kabisa. Mji mzima ukawa damu ya mzee na nyeupe, hadi madirisha ya maduka. Watu ambao sikuwahi kuwaona Athenry walinipigia honi barabarani. Nilifurahi, siwezi kukataa, lakini nilijisikia kama mpishi aliyeamka alfajiri akawaona wageni wamewasili saa ya kula.

Kiangazi kikapita, baridi ikarudi. Gongo la mtoto limepasuka mwishoni, nimelifunga bati kama nilivyoonyeshwa, maana jipya si bei ndogo. Miti wanayochongea magongo imeshambuliwa na kuvu, na mbao nyingi zinatoka nje ya nchi. Mama kapiga jana. Hakuuliza hali ya hewa wala hela ya mwezi huu. Kauliza Jumapili tunacheza na nani, nikamjibu ni ligi tu, mama. Akasema: "Ndiyo, lakini na nani?"