Nilivyorudi dukani kwangu baada ya presha ya macho

Nina duka la rejareja Morogoro, mtaani, si mbali na stendi ya Msamvu. Wateja wananiita Mangi ingawa mimi si Mchaga. Presha ya macho ilinichukua taratibu. Nilianza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango, halafu bodaboda zikawa zinanitokea ubavuni ghafla. Maandishi ya mbele nilikuwa nasoma vizuri tu, ndiyo maana sikushtuka. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kula pembeni, na uoni ukishaliwa haurudi. Nilipofika hospitali jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

Kabla ya hapo nilipoteza miezi, na hili linaniuma hadi leo. Jirani alileta asali ya nyuki wadogo, nikawa natiwa asubuhi na jioni. Mwingine akaleta maji ya majani ya kuchemsha, yakaniwasha mpaka nikalala chini sakafuni. Walinitakia mema, lakini asali haishushi presha ya jicho. Mtu ambaye hajakupima jicho akikuletea kitu cha kutia humo, kataa, hata awe shangazi yako.

Hospitali waliniambia ukweli: "Baba, la kulia haliwezi kurudi, hili tutajitahidi kulilinda." Nikapewa matone. Kilichokosekana ni mtu wa kuniambia niende wapi nikajifunze kuishi hivi. Nilikaa uani kwenye kiti mwaka mzima na zaidi, nasikiliza redio, mke wangu anahangaika na duka peke yake, na huku la kushoto nalo likififia mpaka nikabaki na kamwanga tu. Kila nikisimama naambiwa, "Kaa baba, utaanguka." Nawaomba wenye ndugu asiyeona, neno hilo lipunguzeni.

Shemeji yangu ndiye aliyesikia kuhusu TLB, Chama cha Wasioona Tanzania, kipo tangu 1964. Akaulizia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, tukaunganishwa na mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu asiyeona tangu utotoni. Alikuja nyumbani kwa daladala, peke yake, akiwa na fimbo yake. Nilikuwa nimejiandaa kupewa pole. Akanisalimia, akauliza, "Mdogo wangu, umevaa viatu?" Nikasema nina ndala. "Vaa viatu, tunatoka."

Nilikuwa na fimbo niliyochongewa na seremala, nzito, inaishia kiunoni. Nilishawahi kutoka nayo peke yangu alfajiri kabla hawajaamka, na hatua kama thelathini kutoka getini nikaingia kwenye mtaro. Fimbo ilikuwa imegonga ukingo wa huku, mimi nikadhani ni barabara inaendelea. Nilikaa mle na tope magotini hadi muuza maziwa akanisikia. Mwalimu aliishika ile fimbo, akaniambia nimpe fundi akawashie moto. Akanipima: fimbo nyeupe isimame chini, juu ifike kwenye mfupa wa kifua. Unaipeleka kushoto na kulia, upana wa mabega yako, na mguu wa kulia ukitangulia, ncha iguse kushoto, yaani iguse mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Nikaona kwa nini mtaro ulinimeza: nilikuwa nagonga mbele ya mguu uleule. Fimbo ya kukunja niliipata baadaye Dar es Salaam, bei siikumbuki vizuri, ilikuwa chini ya laki.

Sasa pesa. Nilipoanza kukaa dukani tena, kijana mmoja alinipa noti akasema elfu kumi. Nikamrudishia chenji, elfu tisa na kitu. Jioni mke wangu akahesabu: ilikuwa elfu moja. Nilikosa usingizi, si kwa hasara tu.

Mwalimu akanifundisha kwamba noti zetu hazilingani urefu, elfu kumi imezidi elfu tano, tano imezidi mbili, na mbili imezidi moja. Nikajaribu kupima kwa vidole, nikashindwa, tofauti ni ndogo na vidole vina jasho. Basi tukakata kipande cha boksi la sabuni, mwisho mmoja tukaukunja uwe ukingo. Unagotesha noti kwenye ukingo, pale inapoishia binti yangu anakata alama kwa kisu: mkato mmoja elfu moja, miwili elfu mbili, mitatu elfu tano, minne elfu kumi. Boksi la kwanza lilinyonya unyevu wa friji, mikato ikalegea, nikampunja mama wa watu elfu tatu, akarudi nikamwomba radhi. La pili nimelizungushia selotepu, lina miaka miwili sasa. Nikishapima, elfu kumi naikunja mara mbili, elfu tano mara moja, zilizobaki zinalala wazi. Sarafu hazina shida, hamsini ina kona unaisikia kwa kidole. Siku hizi mteja akinidanganya noti, nashika kaboksi kangu, namrudishia kimya kimya. Nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nililia, mteja alishaondoka.

Simu nilikuwa nayo tayari. Kwenye Android kuna TalkBack, inasoma kila unachogusa. Kilichonisumbua ni menyu ya pesa, ile ya kubonyeza nyota na reli: sauti ikimaliza kusoma, muda umeisha, unaanza upya. Dawa yake ni kukariri mlolongo wa namba, usisubiri isome. Na weka spika ya sikioni. Namba ya siri nilikuwa nimempa mtu, sitaki kulisimulia hilo.

Tuliunda kikundi tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 inayotengewa watu wenye ulemavu kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani. Hauna riba. Tulisubiri sana, maana mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Matone naendelea nayo, kulinda kamwanga kalikobaki. Chupa moja ina mpira wa kufungia shingoni nisiichanganye na nyingine. Ninaziweka kwenye friji ya soda, dawa ikiwa baridi unajua imeingia jichoni au imedondokea shavuni.

Na kwa kuwa presha hii hutembea kwenye ukoo, niliwalazimisha ndugu zangu wapime. Mdogo wangu wa mwisho alikutwa nayo mapema, haoni tofauti yoyote bado. Alikuwa mzito wa dawa. Tukakubaliana: kila jioni saa mbili anapiga simu, natoa mteja pembeni kidogo.

"Kaka, nimetia."

"Yote mawili?"

"Yote."

"Funga macho, bana kona ya pua. Nahesabu dakika mbili."