Simba wa Juu ya Paa

Wiki niliyohamia Naha, mji mkuu wa Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, nilijipa kazi ya kuhesabu simba kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha treni. Mwendo wa dakika kumi, simba ishirini na watatu. Wawili juu ya nguzo za geti, mmoja amejilaza juu ya vigae kama paka anayeota jua, wawili wa plastiki nje ya duka la tambi, mmoja amepakwa rangi ya waridi mlangoni mwa saluni. Mimi ni mtu wa Voi, Kenya. Uzio wa mbuga ya Tsavo Mashariki hauko mbali na kwetu, na simba hai niliowahi kuwaona kwa macho yangu hadi siku ile walikuwa saba.

Huku ukisema umetoka Kenya, salamu haijaisha umeshaulizwa habari za simba. Kwa hiyo nilipoanza kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi, nikaona nianze na mtaji nilio nao. Nikachora simba ubaoni, kisha nikaelekeza kidole dirishani, kwenye paa la nyumba ya ng'ambo ya barabara: mnaona, hata nyinyi mnaye. Darasa zima likaangua kicheko. Msichana mmoja wa darasa la tatu akainuka kabisa kitini. "Yule si raion, sensei. Yule ni shisa." Akanifafanulia bila haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni msalani: raion ni mnyama, anakaa Afrika na kwenye bustani ya wanyama. Shisa anakaa hapa, kwenye paa.

Nilidhani ni utoto. Huu ni mwaka wangu wa nne na bado sijapata la kumjibu.

Shisa ni matamshi ya Okinawa ya neno shishi, jina la kale la simba upande huu wa dunia. Mnyama mwenyewe Wajapani wamemwachia jina la Kizungu, raion. Kiswahili kina neno moja tu na tunalibebesha yote: mnyama, timu ya Msimbazi, mfuko wa saruji, mzee jasiri. (Aliyenichekesha zaidi ni twiga. Kwa Kijapani anaitwa kirin, jina la qilin, mnyama wa hadithi za Kichina anayejitokeza zama za mtawala mwema. Mwaka 1415 Malindi ilipompelekea mfalme wa China twiga, maofisa wa ikulu walimshangilia kuwa ndiye qilin mwenyewe, amefika. Kumbe watu wa Pwani tulishawahi kusafirisha muujiza kwa jahazi za watu.)

Sanamu ya simba imesafiri mbali kuliko mimi. India, karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme Ashoka alisimamisha pale Sarnath nguzo yenye simba wanne waliopeana migongo, ndio hao leo kwenye nembo ya taifa la India. Dini ya Kibuddha ikamfanya simba mlinzi wa mafundisho, na alikokwenda Buddha simba naye akaenda. China haikuwa na simba wa porini. Waliofika walikuwa zawadi za wafalme wa magharibi, na vitabu vyao vinataja mmoja aliyeletwa mwaka 87 baada ya Kristo. Wachongaji wengi hawakumwona hata mkia. Walichonga walichosimuliwa, na msimulizi ndiye mwenye chumvi. Manyoya ya shingoni yakawa vishungi vilivyosokotwa kama nywele za mtoto aliyetoka kwa msusi, pua ikawa bapa, macho yakatoka nje kama yaliyobanwa na kola. Mbele ya makasri ya Beijing dume amekanyaga mpira na jike amemkanyaga mwanawe, taratibu, kama anayecheza naye. Japani bara hukaa kwenye viingilio vya mahekalu, na huko huitwa komainu, maana yake mbwa wa Korea. Angalau wamekiri.

Nilimsimulia Baba haya kwenye simu. Baba ni mstaafu wa reli, na kitu kimoja tu ndicho kilichomkaa: kwamba simba kwa Kisanskriti ni simha, neno lililomo hata katika jina Singapore. "Si ndiyo hiyo hiyo simba yetu?" Nikamweleza kwamba neno letu ni la Kibantu kabisa, mzizi wake ni wa paka wa mwituni, na kufanana kwake na lile la India ni bahati tu. Kimya kikapita. "Hao waliosema bahati," akasema, "walikuwapo?"

Ryukyu, ufalme uliokuwa na visiwa hivi, ulianza kupeleka tunu China mwaka 1372, na kwa njia hiyo simba akavuka bahari. Mwanzo alikuwa wa wakubwa. Alilinda kasri la Shuri, alilinda makaburi ya wafalme pale Tamaudun, yaliyojengwa 1501. Mtu wa kawaida hata vigae alikatazwa, akaezeka nyasi. Ruhusa ilitolewa mwaka 1889, na hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda mimi.

Waliompandisha simba kwenye mapaa ya watu wadogo hawakuwa wachongaji. Walikuwa mafundi wa kuezeka. Paa la Okinawa ni vigae vyekundu vilivyokamatwa kwa chokaa nyeupe, maana vimbunga vya huku havina masihara, na kazi ikiisha hubaki vipande vilivyovunjika na chokaa kidogo kwenye karai. Fundi akakusanya mabaki yake, akafinyanga shisa palepale juu ya paa, akamwachia mwenye nyumba kama zawadi. Hakuwa na kielelezo wala kipimo. Ndiyo maana wale wa zamani hakuna wawili waliofanana: mmoja anacheka, mwingine ana sura ya mtu aliyedaiwa kodi, mwingine meno yote ni vigae vilivyokatwa pembetatu. Hukaa peke yake, katikati ya paa, akitazama mbele ya nyumba. Mtindo wa kuwaweka wawili wawili umekuja baadaye, kwa kuigwa wale mbwa wa mahekalu ya bara. Siku hizi wengi hutolewa kiwandani kwenye kalibu, na pia wapo wa kuning'inia kwenye funguo, wa soksi, wa biskuti. Sina ugomvi na biashara ya mtu, ila yule wa karai namtambua mbali, na huwa nasimama.

Wangu niliwanunua Tsuboya, mtaa wa wafinyanzi hapahapa Naha. Mwaka 1682 serikali ya kifalme iliwakusanya wafinyanzi kutoka sehemu mbalimbali ikawaweka pale, na mpaka leo barabara yao inaitwa Yachimun, yaani vyombo vya udongo kwa Kiokinawa. Moshi wa kuni umehama, kwa sababu mji ulikua ukawazunguka na majirani wakachoka kukohoa. Kuanzia miaka ya 1970 wengine walihamia Yomitan, kaskazini, lakini maduka yapo na majoko ya zamani yamehifadhiwa. Nilichagua wawili wa kutosha kiganjani, rangi ya udongo mtupu. Nikawapanga kizingitini, mmoja kila upande, nikaingia ndani najiona mwenyeji.

Kesho yake jirani yangu akagonga. Amepita miaka themanini na mtaa mzima unamwita Obaa, nami pia, maana ndilo neno lao la nyanya. Yeye huniita niinii, kama bibi wa kwetu anavyomwita kijana wa jirani "kaka". "Niinii, umewakosanisha." Akawabadilisha nafasi mwenyewe, magoti yakilia. Mwenye kinywa wazi hukaa kulia kwa anayetazama nyumba kutoka nje, na mwenye kinywa kilichofumbwa kushoto. Wa wazi hufukuza mabaya, wa kufumba huzuia mema yasitoke. Sauti zao ni a na un, mwanzo na mwisho, zimetoka mbali, kwenye Kisanskriti hichohicho cha Baba. Nikamuuliza Obaa yupi dume. Akafikiri. "Anayenyamaza ni mwanaume," akasema, "ameshajua hana la kusema." Wafinyanzi watatu niliowauliza Tsuboya walinipa majibu yao matatu.

Obaa ndiye aliyenituma Tomimori. Ni kijiji cha kusini mwa kisiwa, kwenye wilaya ya Yaese, na kwenye kilima chake amekaa shisa wa jiwe wa mwaka 1689, urefu wake karibu mita moja na nusu, mkubwa na mkongwe kuliko wote wa vijijini. Kijiji kilikuwa kinaungua moto mara kwa mara. Wakamwendea mjuzi wa mambo ya mielekeo kutoka Kumemura, mtaa wa watu wenye asili ya China, naye akasema moto unatoka kwenye mlima wa Yaese. Dawa: chongeni simba, mmwelekeze mlimani. Wakamchonga. Mpaka leo anautazama mlima ule, kijiji kiko nyuma yake, wala hakigeukii.

Mwaka 1945 vita vilipita juu yake. Kati ya Aprili na Juni walikufa zaidi ya watu 200,000 katika kisiwa hiki, karibu nusu yao raia, na watu wa Okinawa hulisema hilo kwa sauti ya chini hata leo. Ipo picha ya askari wa Marekani wamejibanza nyuma ya shisa wa Tomimori, wanachungulia upande wa adui kwa darubini. Matundu ya risasi yamo mwilini mwake. Nilikuwa peke yangu pale siku ile, nikatia kidole kwenye tundu moja begani. Kilizama mpaka kifundo cha kwanza. Sikumbuki nilisimama muda gani, ila basi la saa tisa lilinipita.

Kwenye basi la saa kumi na moja niliwaza mambo ya kwetu. Kwetu kinga hufichwa. Wamijikenda huzika fingo, kinga yao, ndani ya kaya, misitu yao mitakatifu, na wajuao mahali pake ni wazee wachache. Sisi Wataita tuna fighi, vichaka vya mwiko ambako imelala dawa ya kulinda mipaka ya nchi, na mtoto hufundishwa kupita mbali kabla hajafundishwa sababu. Nimekua nikiamini kwamba zindiko likionekana limekwisha nguvu. Huku limekaa paani na meno nje, watalii wanalipiga picha, ndege wanalinyea, na nguvu zake ni zilezile.

Na la pili lilinisumbua zaidi. Kwetu simba si mlinzi. Ni yule unayejilinda naye. Reli ilipofika Tsavo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi usiku baada ya usiku, mpaka kazi ikasimama. Wamejazwa majani, wako Chicago, na wote wawili walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni, kama madume mengi ya Tsavo. Nikimwonyesha Obaa picha yao atasema ni majike. Nami mwenyewe, nikiwa darasa la sita, niliamka usiku nikasikia mbuzi wanalia kisha wakaacha kulia wote kwa pamoja. Ule ukimya ndio ninaoukumbuka. Baba alitoka na tochi na sufuria la kugongagonga, Mama akamshika shati. Asubuhi mbuzi watano hawakuwepo, na ua wa miiba ulikuwa umefunguka sehemu ndogo sana, huwezi kuamini. Fomu za fidia zilijazwa. Baba anazo nakala mpaka leo.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani kwa likizo. Mama nilimletea kitambaa, Baba nikamletea shisa wawili, nimewafunga ndani ya soksi zangu wasivunjike. Akawafungua mezani, akavaa miwani. Akawageuza chini juu, akagonga kwa ukucha kusikia udongo ulivyoiva.

"Huyu ni mbwa."

"Ni simba, Baba."

"Mimi simba namjua."

Nikamweleza kazi yake. Nikamweleza kinywa wazi na kinywa kilichofumbwa, kulia na kushoto, nikamweleza na yule wa Tomimori kwa kuwa anapenda habari za vita. Hakusema kitu. Alimaliza chai yake, akaenda kulala saa tatu kama kawaida yake, nami nikawapanga juu ya nguzo za geti kama Obaa alivyonifundisha, wakitazama barabara ambako wageni hutokea.

Asubuhi nilipotoka kupiga mswaki nikakuta nguzo tupu. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi, ameshika karai la saruji. Alikuwa amewajengea juu ya ukuta, bega kwa bega, wa kinywa wazi kulia. Migongo ilikuwa kwetu, nyuso upande wa mbuga.