Kwikwi ya betri

Usiku wa tatu tangu nitoke hospitali niligeukia ubavu wa kushoto, tumbo likaanza kuruka. Tu, tu, tu, kwa mwendo uleule wa moyo. Nikadhani ni kwikwi, nikanywa maji. Wapi! Nikilala chali inanyamaza, nikirudi ubavuni inarudi. Baba watoto akaweka kiganja chini ya mbavu zangu, akatulia kidogo, kisha akauliza, "Huyu ni wewe au ni mashine?"

Ilikuwa mashine, betri ya moyo niliyowekewa kifuani. Wiki tatu nzima nililala chali kama maiti, nikiamini wamekosea kitu huko ndani. Kila mtu alikuwa amenisimulia habari za upasuaji. Hakuna aliyeniambia kwamba betri ya moyo ikishawekwa, kazi ya kuirekebisha ndiyo kwanza inaanza.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 27 sasa. Niliposhindwa kumaliza ngazi bila kusimama mara mbili, na viatu vikawa vinanibana ifikapo jioni, nilisingizia umri na kukaa kitako kutwa. Eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha kwamba ventrikali ya kushoto, chemba ya chini inayosukuma damu mwilini, inasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo, wakati moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu. (Watu wakisikia "moyo umeshindwa" hudhani umesimama. Haujasimama, unahangaika na kazi haitoshi.) Nikaanzishiwa dawa za aina nne, dozi zikipandishwa pole pole kwa miezi mitano. Daktari hakutaka hata kusikia habari ya betri kabla dawa hazijapewa nafasi yake, na sasa namuunga mkono. Miguu ilinywea, mito mitatu ya kulalia ikawa mmoja. Ila eko ya pili ilisoma 28.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo. Ile milima iliyochongoka katikati ya mstari, yangu ilikuwa minene, milisekunde 160, na ya mtu mzima wa kawaida haivuki 120. Maana yake umeme unawahi upande wa kulia na kuchelewa wa kushoto, hivyo ukuta mmoja wa ventrikali unapokaza, wa pili ndiyo kwanza unajiandaa. Daktari alikuwa bado anachora nikamkatiza. Hili nalijua! Sindano ikishuka halafu ndoano ya chini ikachelewa kuudaka uzi, cherehani inaruka mishono. Mota nzima, uzi mzuri, kitambaa hakishikani. Hapo hununui mota nyingine, unarekebisha muda wa sindano na ndoano.

Ndicho kifaa changu kinachofanya. Ni kibati cha titani kinachoenea kiganjani, kimelazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga wa kushoto, na nyaya tatu zinazopita ndani ya mishipa. Mmoja uko chemba ya juu ya kulia, wa pili ventrikali ya kulia. Wa tatu ndio mkorofi: unapitishwa kwenye mshipa wa vena ulio nyuma ya moyo mpaka ufike nje ya ukuta wa kushoto, na nikiwa macho na ganzi yangu nilimsikia daktari akiujaribu huku na huku kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Kadi ninayotembea nayo imeandikwa CRT-D. CRT ni tiba ya kuzipatanisha pande mbili za moyo zikaze pamoja. Hiyo D ni uwezo wa kupiga mshtuko mapigo yakienda mrama, na mpaka leo haijawahi kunigusa. Wengine huwekewa kisicho na D.

Turudi kwenye kwikwi. Siku ya kliniki, kijana wa vipimo aliweka kidude kama kipanya cha kompyuta juu ya kovu langu, namba zikajaa kwenye skrini. "Mama, hebu lala ubavu wa kushoto." Tumbo likaruka. Hakushtuka hata kidogo. Akanieleza kwamba neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia hupita karibu sana na pale waya wa tatu unapokaa, kwa hiyo betri ikichokoza moyo inaichokoza na neva. Waya wangu una elektrodi nne, yaani vituo vya kutolea umeme, na umeme unaweza kutokea kwenye yoyote. Akabadilisha. "Sasa?" Bado. Akapunguza volti. "Sasa?" Bado kidogo. Akahamia jozi nyingine. Kimya. Dakika kumi, bila kisu wala sindano. Nilifurahi, kisha nikakasirika kwa zile wiki tatu.

Nje kwenye benchi kulikuwa na mzee mwenye kifaa kikubwa kuliko changu, pampu iliyopachikwa kwenye moyo wenyewe, kebo ikitokea tumboni hadi kwenye betri alizovaa kiunoni. Muuguzi mwanafunzi alimshika kifundo cha mkono akitafuta mapigo, uso ukaanza kumbadilika. "Huyapati, mwanangu," mzee akamwambia. "Yangu inamwaga tu kama bomba." Pampu hiyo husukuma damu mfululizo, ndiyo maana mapigo huwa hayashikiki.

Nikiwa na unyonge humkumbuka Arne Larsson, aliyewekewa pesimeka (betri ya kuongoza mapigo) ya kwanza ya ndani ya mwili, Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Ugonjwa wake haukuwa kama wangu, moyo wake ulikuwa unakwenda taratibu mno. Kifaa kile cha kwanza kilizimika baada ya saa chache. Akawekewa kingine, na kingine, zaidi ya 20, akafariki 2001 akiwa na miaka 86, baada ya kuwazika daktari Senning aliyempasua na mhandisi Elmqvist aliyekitengeneza.

Eko ya miezi sita baada ya betri ilisoma 41. Nimerudi kwenye cherehani, mota naiweka mbali na kifua, simu haikai mfuko wa kushoto. Lakini kijana yule anaangalia namba nyingine: ni asilimia ngapi ya mapigo yangu yanaongozwa na betri. Anataka ikaribie 100, na mara ya mwisho ilikuwa 91, kwa sababu kuna mapigo ya ziada yanayodandia katikati. Jumanne narudi. Amesema huenda kidonge kimoja kikaongezwa, au aguseguse muda tena, na nimeshamwambia akigusa waya wa tatu nitalala ubavu wa kushoto palepale kabla sijavaa viatu.