Kukata paa la Mercury ya 1949: milimita moja ni inchi moja

Kwenye modeli za plastiki za magari, skeli ya 1/25 ina hesabu moja tamu sana. Milimita moja kwenye plastiki ni milimita 25 kwenye gari lenyewe, karibu inchi kamili. Fundi wa gari halisi akikata paa kwa inchi nne, yaani akilishusha kwa kufupisha nguzo zake, wewe unakata milimita nne. Ukikosea nusu milimita umekosea unene wa kidole, na mtu akiiangalia modeli yako ataona kuna kitu kimekaa vibaya hata kama hawezi kukitaja. Karibu kila modeli ya gari la zamani inayoharibika wakati wa kubadilishwa inaharibikia hapo, kwenye vipimo, muda mrefu kabla rangi haijafunguliwa.

Mfano ninaoutumia ni Mercury ya 1949, kwa sababu hakuna gari linalopendeza zaidi likikatwa paa. Bodi hiyo ya 1949 hadi 1951 ina mabega manene na ubavu mrefu, na paa lake la kiwandani limesimama juu kama kofia isiyokutosha. Ndugu George na Sam Barris, mafundi wa kubadilisha magari wa California, walilijua hilo mapema. Mercury ya 1951 waliyomtengenezea mteja wao Bob Hirohata mwaka 1952, paa limeshushwa na nguzo za kati zimeondolewa, bado inaigwa hadi leo. AMT, watengenezaji wa seti za modeli, wana Mercury ya 1949 ya skeli 1/25 yenye paa la kiwandani, na hiyo ndiyo ya kuanzia. Umbali kati ya ekseli zake unapaswa kuwa karibu milimita 120, maana gari halisi lina inchi 118.

Kwanza osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye umbo, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha tafuta mistari ya muungano wa umbo, ile inayobaki pale vipande vya kalibu vilipokutana. Kwenye bodi hupita juu ya mabega ya mbele na ya nyuma, halafu hupanda kando ya paa. Usianze na msasa. Ikwangue kwa makali ya kisu yaliyosimamishwa wima, halafu msasa namba 400, kisha 600.

Hapo hapo nyoa vishikio vya milango, nembo ya boneti na ya buti. Acha mstari wa kromu wa ubavuni kama unaupenda, ila amua sasa, si baada ya praima. Mistari ya milango, boneti na buti ichimbue zaidi kwa mgongo wa kisu: pitisha mara tano au sita kwa mkono mwepesi, bila kukandamiza. Praima na rangi pamoja zinaweza kufikia unene wa sehemu ya kumi ya milimita, na hiyo kwenye gari halisi ni milimita mbili na nusu. Mstari wa mlango usiochimbuliwa unajaa rangi, na mlango unakuwa kama umechorwa kwa penseli.

Sasa paa. Bandika tepu ya kufunikia kuzunguka kila nguzo na uchore juu yake mistari miwili sambamba yenye milimita nne katikati, ukipima kutoka mezani na si kutoka ukingo wa dirisha. Ukingo wa dirisha una mteremko, na ukiufuata utakata vipande visivyolingana. Tumia msumeno mwembamba wa modeli. Kisu kinasukuma plastiki pembeni na kuipasua, ila msumeno unaiondoa. Kata ndani ya mistari, ubakize upana wa unywele, umalizie kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao.

Wengi hufikiri kazi imeisha hapo. Wanashusha paa, na nguzo hazikutani! Sababu ni mlalo. Nguzo za mbele zimelala kuelekea nyuma. Kama zimelala nyuzi 30 kutoka wima, kila milimita nne unazoshusha zinaacha ncha ya paa nyuma ya kisiki chake, yaani kipande cha nguzo kilichobaki kwenye bodi, kwa milimita 2.3. Ubavuni pia madirisha yameinama kwa ndani, kwa hiyo kwa mlalo wa nyuzi 10 kila upande unapishana milimita 0.7. Hiyo ya ubavuni inarekebishika kwa kupasha nguzo kwenye maji ya moto na kuzisogeza taratibu kwa vidole. Ile ya mbele inataka mpango.

Mpango unaofaa kwa Mercury ni kulaza kioo cha nyuma. Usikate kipande cha milimita nne chini ya dirisha la nyuma. Tenganisha fremu ya dirisha hilo na paa kwa mkato wa juu, kisha mikato miwili ya pembeni, na uiache imeshikwa na bodi kwa ukingo wa chini tu. Lisogeze paa mbele hadi nguzo za mbele zikutane na visiki vyake. Nyuma linabaki pengo. Sasa ilaze fremu ya dirisha kuelekea mbele taratibu, ukiwa umekwangua mfereji mwembamba kwa ndani ya ukingo wa chini ili plastiki ipinde bila kuvunjika. Ukingo wake wa juu unashuka na kusonga mbele kwa pamoja, na utaona unalifuata paa karibu kiasi kilekile lilichosogea. Mteremko wa nyuma unaozaliwa hapo ndio unaowafanya watu wainame kuitazama modeli.

Nguzo za kati, kwa kuwa paa limesonga mbele, hazitakaa juu ya visiki vyake. Ama uziondoe kabisa kama kwenye gari la Hirohata, ama ukate sehemu ya juu na kuibandika upya ikiwa imerudi nyuma milimita mbili na kitu. Kuziondoa ni rahisi zaidi na kunapendeza zaidi, ila paa linabaki limeshikwa mbele na nyuma tu. Kwa hiyo toboa tundu la milimita 0.5 katika kila kisiki cha mbele na uingize kipande cha waya wa shaba kabla ya kubandika. Nguzo ya mbele yenye gundi peke yake hukatika wakati wa kupiga msasa, na hukatika ukiwa umebakiza kidogo kumaliza.

Gundi majimaji ya plastiki inayeyusha kingo mbili na kuziunganisha kama kulehemu. Nguvu yake ndiyo pia hatari yake: kimiminika kinabaki ndani ya plastiki siku nyingi baada ya juu kukauka, na kinapotoka kiungo kinanywea. Ukisawazisha kesho yake na kupaka rangi keshokutwa, baada ya mwezi mstari wa kiungo unarudi chini ya rangi inayong'aa, na hakuna dawa isipokuwa kuondoa rangi yote. Bandika, halafu ipe bodi wiki moja. Puti ya tyubu nayo inanywea, na ikipakwa nene inalainisha plastiki iliyo chini yake. Kwenye pengo la zaidi ya nusu milimita weka kwanza kipande cha plastiki, kisha puti ya sehemu mbili inayoganda kwa kuchanganywa. Supa gluu inafaa kujazia mikwaruzo, ila ipigwe msasa ndani ya saa moja, kwa sababu ikikaa sana inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa unachimba pembeni yake. Na msasa wote wa paa upigwe kwa kibao, si kwa kidole. Kidole kinachimba bonde usiloliona hadi rangi inayong'aa ikae juu yake.

Vioo vya kwenye seti havitaingia tena. Tengeneza vipya kwa karatasi ya plastiki angavu ya milimita 0.25: bandika tepu kwenye dirisha kwa ndani, pitisha penseli kwenye kingo, ihamishie juu ya plastiki na ukate ukizidisha milimita mbili kila upande. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supa gluu unaacha ukungu kwenye plastiki angavu ambao hautoki kwa kufuta. Halafu kaa chini utazame ndani kupitia dirisha lililofupishwa. Viti vya kiwandani vitaonekana vimegusa paa na usukani utajaza kioo cha mbele. Punguza sehemu ya chini ya viti kwa milimita moja na nusu.

Gari lenye paa lililokatwa na magurudumu ya urefu wa kiwandani linaonekana limesimama kwa vidole vya miguu, kwa hiyo lishushe. Mbele, kata kishikio cha gurudumu na ukibandike milimita mbili juu zaidi. Nyuma, angalia kwanza ekseli imekaa wapi. Kama imelala juu ya springi, kipande cha plastiki cha milimita tatu kati ya ekseli na springi kinashusha gari. Kama iko chini ya springi, kipande hichohicho kinalipandisha. Baada ya hapo jaribu propela shafti, maana inaweza kugusa sakafu, na tairi likigusa kikombe cha ndani cha bodi kinachofunika gurudumu, likwangue huko ndani, si kwenye ukingo unaoonekana. Simamisha chesisi juu ya kioo na upitishe karatasi chini ya kila tairi. Tairi moja linaloruhusu karatasi kupita linatosha kuharibu mkao wote.

Rangi sitaielezea kwa urefu. Laka juu ya enameli hukunjamana, enameli juu ya laka iliyokauka haina tatizo. Plastiki nyekundu huvuja rangi ndani ya nyeupe, kwa hiyo izuie kwa koti la rangi ya fedha. Puliza kutoka sentimita 20 hivi, makoti mepesi. Ukipuliza kutoka mbali sana matone yanakauka hewani na uso unakuwa kama ganda la chungwa, na siku yenye unyevu mwingi laka inapata ukungu mweupe. Ukifika wakati wa kung'arisha, funika kwa tepu kingo za mabega na mistari ya milango, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba na ndipo inapokatika kwanza.

Kromu ya kiwandani kwenye bampa na grili mara nyingi ni nene na ina mistari ya umbo chini yake. Loweka vipande kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini, kwenye chumba chenye hewa, bila kuichanganya na kitu kingine chochote. Kromu inatoka yenyewe. Chini yake huwa kuna vanishi inayotaka spiriti na mswaki.

Fremu za madirisha zifanye kwa foili ya alumini yenye gundi, kama Bare-Metal Foil, baada ya rangi kung'arishwa. Kata ukanda mpana kuliko unavyohitaji, ulaze, uusugue kwa ncha ya kijiti cha mbao hadi ukingo wa fremu uonekane kupitia foili, kisha pitisha kisu chenye wembe mpya kabisa kwa uzito wa kisu chenyewe, bila kukandamiza. Wembe uliokwisha kazi unaburuta foili na kuipasua kwenye kona. Kona ya juu ya kioo cha mbele ndiyo ngumu: weka vipande viwili vinavyopishana milimita moja, ukisugua kile cha juu kuelekea nyuma, na kiungo kinapotea.