Kura yangu ya kwanza niliipiga kwa posta

Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na mpaka naoa na kupata watoto nilikuwa sijawahi kupiga kura. Wakongo walipochagua rais mwaka 2006, na tena 2011, sisi wa kambini tulifuata matokeo redioni. Watanzania wa Kasulu nao walipopanga foleni vituoni, hilo halikutuhusu, maana mkimbizi si raia. Mtu anaweza kuishi nusu ya umri wake bila kuulizwa hata mara moja anataka nani amwongoze, na asijue jinsi jambo hilo linavyomnyima hadhi hadi siku atakapoulizwa.

Kwa hiyo uchaguzi wa Novemba 2024 ulipokaribia, nikiwa raia wa Marekani na mkazi wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, nilikuwa nimeapa sitaukosa. Tatizo lilikuwa kazi. Naendesha lori la masafa marefu, na uchaguzi hapa hufanyika Jumanne, siku ya kazi kama siku nyingine, si sikukuu ya taifa. Vituo vya Pennsylvania hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Dereva aliyepakia mzigo wa Ohio au Indiana hana namna ya kurudi nyumbani katika muda huo.

Kwetu tumezoea tume moja ya taifa: Kongo wana CENI, Kenya wana IEBC. Marekani hakuna kitu cha namna hiyo. Uchaguzi unaendeshwa na majimbo, na ndani ya jimbo kazi yenyewe inafanywa na kaunti. Kila jimbo lina tarehe zake, fomu zake na masharti yake. Ndugu yako wa Texas akikueleza jinsi alivyopiga kura, mshukuru, kisha nenda kasome ya jimbo lako. Ninayoandika hapa ni ya Pennsylvania, kama nilivyoyapitia mwaka ule.

Kabla sijafika kwenye kujiandikisha, kuna jambo nalisema kwa kila mtu kanisani na nitalisema hapa pia. Kama bado una kadi ya kijani tu, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, usijiandikishe. Hata kama umefika ofisi ya leseni na karani akakuuliza kama unataka kuandikishwa, sema hapana. Hata kijana mwenye karatasi na kalamu akikusimamisha nje ya duka, akuambie ni haki yako, mwambie bado. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa anaweza kushtakiwa, kunyimwa uraia na kufukuzwa nchini, na kusema "sikuelewa Kiingereza" si kinga ya kutegemea. Watu wetu wengi wanatia sahihi kila karatasi wanayopewa kwa sababu kambini karatasi ilimaanisha mgao. Hii siyo ya mgao.

Sisi, mimi na mama yangu, tulikuwa tumeshakula kiapo. Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaaji wa kudumu, na kwa mkimbizi ukaaji huo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Mama alisoma maswali ya mtihani jioni baada ya jioni. Kati ya yale maswali mia moja ya wakati ule, lilikuwepo lililouliza jukumu moja ambalo ni la raia peke yao. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa mawili: kuhudumu katika baraza la mahakama, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, au kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Mama alichagua la kura, akalirudia kwa Kiingereza chake hadi likakaa mdomoni.

Kujiandikisha kwenyewe hakukuwa kugumu. Pennsylvania inataka uwe raia angalau mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, uwe umekaa katika eneo lako la kupigia kura siku 30, na uwe umetimiza miaka 18 ifikapo siku ya kura. Nilijaza fomu kwenye tovuti ya jimbo, nikaweka namba ya leseni ya udereva. Asiye na leseni wala kitambulisho cha jimbo anaweza kutumia tarakimu nne za mwisho za namba yake ya soshali, ile ya hifadhi ya jamii. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 15 kabla ya uchaguzi. Mwaka ule ilikuwa tarehe 21 Oktoba. Sisi tulimaliza wakati wa kiangazi, na kadi za mpiga kura zikaja kwa posta zikiwa na jina la kituo chetu.

Sehemu moja ya fomu ilimsumbua mama: ile inayouliza chama. Kwa mtu aliyekimbia vita, kumwandikia mtumishi wa serikali jina la chama chako ni kitu cha kuogopesha. Nikamweleza kwamba anaweza kuandika hana chama na bado mwezi wa kumi na moja akamchagua amtakaye. Kinachobadilika ni kura za mchujo za majira ya kuchipua, ambazo Pennsylvania imewaachia wanachama waliojiandikisha wa vyama husika. Akaacha bila chama. Ni uamuzi wake, na ninauheshimu.

Kisha ikaja kura ya posta. Jimbo hili lina aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye hatakuwepo katika mji wake siku ya uchaguzi, au ni mgonjwa, au ana ulemavu. Huyo lazima aeleze sababu. Ya pili ni ya mtu yeyote anayetaka tu kupiga kwa posta bila kueleza chochote, na hii ilianzishwa na sheria ya mwaka 2019 inayoitwa Act 77. Mimi niliomba ile ya kwanza kwa sababu ya safari, na mama vilevile kwa sababu ya magoti yake. Kwa kweli aina zote mbili zinaishia kwenye karatasi ileile na bahasha zilezile, kwa hiyo asiyejua aombe ipi asikeshe nalo. Maombi yanatakiwa yafike kaunti kabla ya saa kumi na moja jioni, wiki moja kabla ya uchaguzi. Nakushauri usingoje huko. Posta ina mambo yake.

Bahasha zetu zilifika mapema Oktoba, na Jumamosi ya tarehe 12 nilikuwa nyumbani. Nikaondoa vyombo mezani, nikafuta meza, tukakaa.

Ndani kuna vitu vinne: maelekezo, karatasi ya kura, bahasha ndogo ya njano, na bahasha kubwa ya kurudishia yenye tamko nyuma yake. Karatasi ya kura ndiyo inayotisha kwa kuitazama, kumbe ndiyo rahisi. Kila jina lina kiduara pembeni. Unakijaza chote kwa kalamu nyeusi au ya bluu, huweki tiki wala msalaba. Mwaka ule palikuwa na rais, seneta, mwanasheria mkuu wa jimbo, mkaguzi mkuu, mweka hazina, mbunge wa Washington na wale wa bunge la jimbo. Zamani Pennsylvania uliweza kujaza kiduara kimoja ukawa umechagua chama chote. Act 77 ilikiondoa. Lazima ushuke nafasi moja moja.

Mama anasoma Biblia ya Kiswahili bila miwani, lakini Kiingereza cha karatasi za serikali kinamshinda. Akaniuliza: "Baba, ukinisaidia hapa hawatasema wewe ndiye umepiga kura yangu?" Swali zuri. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 1982, inamruhusu mpiga kura asiyeona, mwenye ulemavu au asiyeweza kusoma na kuandika asaidiwe na mtu anayemchagua mwenyewe, ili mradi mtu huyo si mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Nikamsomea kila cheo, nikamweleza kazi yake, nikamsomea majina na vyama. Mweka hazina wa jimbo alimchukua muda. Alitaka kujua kama ndiye anayeshika fedha za shule. Halafu nikatoka, nikamwacha na kalamu. Hadi leo sijui aliwajaza akina nani na sijamuuliza.

Baada ya hapo ndipo palipo na hatari, na ningependa kila Mswahili wa Pennsylvania apasome mara mbili.

Karatasi ya kura huingia kwanza kwenye bahasha ya njano, inafungwa, na juu yake huandiki kitu chochote: si jina, si alama, si maneno ya baraka. Bahasha ya njano ndiyo inayoingia kwenye ile kubwa. Ukiitupa ile ya njano ukaweka karatasi moja kwa moja kwenye bahasha kubwa, kura yako haihesabiwi. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua hivyo mwaka 2020. Haijalishi umejaza vizuri kiasi gani.

Nyuma ya bahasha kubwa unatia sahihi na kuandika tarehe. Tarehe inayotakiwa ni ya siku unayotia sahihi, siyo ya kuzaliwa, na wapo waliokataliwa kwa kuandika ya kuzaliwa. Kisha kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi hasa. Waamerika huanza na mwezi. Sisi tunaanza na siku. Kwa mkono wa mama tarehe ile ingekuwa 12/10, na karani wa kaunti angesoma Desemba 10 wakati uchaguzi ni Novemba. Nikamwandikia 10/12/2024 kwenye kipande cha karatasi, nikakiweka juu ya bahasha, naye akanakili taratibu ndani ya visanduku.

Mahakama zimevutana kwa miaka kuhusu tarehe hiyo, na msimamo wangu ni kwamba kukataa kura kwa ajili yake kulikuwa dhuluma. Kaunti inajua iliituma lini bahasha na ilirudi lini. Tarehe ya mkono wa mpiga kura haiwaambii lolote jipya. Walioumia ni wazee, na ni watu kama mama yangu waliosubiri maisha yao yote. Lakini siku ile kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kura mbili za nyumba yetu zinahesabiwa, kwa hiyo tulitimiza kila sharti.

Nilibandika stempu, na mama akaipeleka yake mwenyewe kwenye sanduku la posta la mtaani huku nikimshika mkono. Pennsylvania hairuhusu mtu kurudisha kura ya mwingine, hata ya mzazi, isipokuwa mpiga kura mwenye ulemavu amemteua kwa fomu maalumu. Kura lazima iwe imefika kaunti kufikia saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauokoi chochote. Ikifika Jumatano imechelewa. Anayebanwa na muda aipeleke mwenyewe ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Na kama bahasha haikufika kabisa, nenda kituoni siku yenyewe uombe kura ya muda. Wataihakiki kabla ya kuihesabu.

Kwenye tovuti ya jimbo unaweza kufuatilia kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Nilikuwa nimeegesha lori Ohio nilipoona zote mbili zimerekodiwa kuwa zimepokelewa. Nikampigia mama simu. Akashangilia kwa vigelegele hadi majirani wakabisha hodi kuuliza kuna harusi gani.

Mwaka 2016 jimbo hili liliamuliwa kwa takriban kura 44,000 kati ya zaidi ya milioni sita. Chaguzi za miaka inayofuata, za majaji, madiwani na bodi za shule, wanajitokeza watu wachache zaidi, na huko ndiko kura za familia chache za mtaa wetu zinaweza kubadilisha mambo. Ukitaka kura ya posta kila uchaguzi, weka alama kwenye kisanduku cha orodha ya mwaka katika fomu ya maombi, na ukumbuke kwamba orodha hiyo inahuishwa kila mwaka. Mama ameshaijaza ya kwake. Jirani yetu Mrundi, aliyekula kiapo juzi, anakuja Jumapili baada ya ibada tujaze ya kwake.